Mama Aliyekatazwa Kubeba

Mama yangu anaitwa Hannah, lakini mtaa mzima wa Mountain View, hapa Nairobi, unamwita Mama Kuria. Mimi ndiye kifungua mimba wake, Becky, na kwa haki angeitwa Mama Becky. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nilinuna miaka kadhaa, kisha nikazoea, maana hata mimi nikimwona akitoka kanisani namwona mama wa Kuria kwanza, halafu ndipo nakumbuka kuwa ni wangu pia.

Yeye hutengeneza chai katika ofisi ya mawakili, ghorofa ya tano, katikati ya jiji. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Anajua nani hatumii sukari, nani hunywa chai ya rangi siku ya kesi ngumu, na nani huomba kikombe cha pili ili asirudi mezani mapema. Mawakili huja na kuondoka, wengine wamekuwa mahakimu, naye bado akikutana nao mjini huwauliza kama wamekula. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ya mtu wa mjengo. Mikono hiyo hakuipata kwa kubeba vikombe. Aliipata kwa kumwinua ndugu yangu.

Kuria ana miaka ishirini na saba. Ana ugonjwa wa misuli, ule ambao mtu huzaliwa nao, unaokula nguvu zake mwaka baada ya mwaka. Alianza kuangukaanguka akiwa na miaka minane, akaacha kutembea akiwa na kumi na minne, na siku hizi vidole ndivyo vinavyomtii. Kwa vidole hivyo anafanya kazi. Hutengeneza programu za mazishi kwenye kompyuta: picha ya marehemu juu, ratiba ya ibada, kisha maisha yake kwa ufupi. Familia humtumia maelezo kwa simu, yeye huyapanga na kuyanyoosha. Anasema hakuna mtu Nairobi anayefahamiana na watu wengi kama yeye, shida ni kwamba wote huwa wamekwisha kufa.

Jina lake lina kesi. Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na hilo halina mjadala. Lakini Mama alikuwa na kaka aliyeitwa Kuria, ambaye naye alianza kuanguka utotoni, akabebwa mgongoni mpaka ukubwani, akafa usingizini akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alikufa miezi miwili kabla ya ndugu yangu kuzaliwa. Mama, machozi hayajakauka, alimwomba baba yetu Gichuru amwachie jina hilo. Baba akakubali kwa huruma. Watu wake hawajakubali hadi leo. Mtoto alipoanza kuanguka, shangazi yetu mmoja alisema mbele ya wageni, na kikombe mkononi, "Si ulimwita? Amekuja, na amekuja na miguu yake." Baada ya hapo Baba alivumilia mwaka na nusu, akapata sababu ya kurudi Limuru, akaoa huko.

Mama hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililoniudhi maisha yangu yote. Aliamini. Aliamini kuwa alimharibu mtoto wake kwa jina, na kwamba kumbeba ndiyo adhabu yake. Basi akambeba. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, na kila jioni akirudi: mkono mmoja chini ya magoti, wa pili mgongoni, kichwa cha Kuria begani mwake, anavuta pumzi moja kubwa, ananyanyuka naye. Kitandani hadi chooni, chooni hadi kitini. Mimi nimejaribu mara chache, na mgongo ukanisumbua siku tatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majirani walimwona mwaka nenda mwaka rudi na kusema tu kwamba amezoea.

Miaka sita iliyopita Kuria alianza kulalamika tumbo. Hakuwa na hamu ya kula, alitapika asubuhi, usingizi ukampotea. Sasa, Nairobi kila mtu ana vidonda vya tumbo. Ukishika tumbo tu, hata kondakta atakwambia ni vidonda. Kwa miezi mitano Kuria alimeza dawa za vidonda, akaachishwa chai, ndengu na maharagwe, akakonda uso huku miguu ikivimba. Tulipofika kliniki ya moyo ya hospitali moja kubwa, tulifika kwa sababu tulikuwa tumemaliza kliniki nyingine zote.

Daktari Nthenya ni mwanamke mpole asiyependa kurudia maneno. Alimpaka Kuria mafuta baridi kifuani na kupitisha kifaa kidogo, na kwenye skrini tukauona moyo wake ukipiga kivivu.

"Moyo nao ni msuli," alisema. "Ugonjwa unaokula mguu unakula na moyo. Mtu anayetembea angeanza kuhema kwenye ngazi, mngejua mapema. Huyu hapandi ngazi. Damu ikichelewa, ini na tumbo ndivyo vinavyolalamika."

Akaandika dawa tatu. Moja ya kulegeza mishipa ili moyo usisukume kwa shida, moja ya kuutuliza ili upige polepole na kupumzika, na moja ya kutoa maji mwilini. Alituambia wazi kuwa hazitamponya Kuria. Zingempa muda.

Kosa lililofuata lilikuwa letu, na sijui kama lingetokea mahali pengine. Hapa kwetu dawa hizo zina jina moja tu, dawa za presha. Kila boma lina shosho mzee anayezimeza. Mama mmoja wa kikundi cha kanisani, ambaye zamani alifanya kazi kwenye zahanati, alikuja kumwona mgonjwa akiwa na mashine yake ya kupima. Presha ya Kuria ikasoma tisini kwa sitini. Yule mama akashtuka. Akasema kijana hana presha kabisa, tena iko chini, na tunamuua kwa dawa za wazee. Mama yangu akaacha kumpa siku hiyohiyo. Hakumpigia daktari simu kwa sababu hakutaka kumwaibisha. Kwake yeye, kumwambia mtu aliyesoma kuwa amekosea ni utovu wa adabu.

Wiki ya tatu Kuria hakuweza kulala chali tena. Alikaa wima, mdomo wazi, akitafuta hewa. Alilazwa siku kumi na moja.

"Mama Kuria," Daktari Nthenya alisema pale wodini, "simpi hizi kwa sababu ya presha. Nampa kwa sababu ya moyo. Presha yake ikiwa chini kidogo na yeye hazimii, mimi sina neno. Usiache hata siku moja bila kuniuliza."

Tangu siku hiyo, kuna watu wanaoshika amri kumi na kuna Mama na zile dawa. Kuria hawezi kuinua mkono ukafika mdomoni, kwa hiyo Mama alimwekea kidonge kwenye ulimi kwa vidole vyake, asubuhi na jioni, na kusubiri ameze.

Wodini pale ndipo daktari alipouliza habari za ukoo. Mama akamweleza yote, kaka yake, jina, maneno ya shangazi. Aliyasema akiangalia sakafu. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kuwa jina halina hatia, kwamba ugonjwa huu hupitia kwa mama, na kwamba hata mtoto angeitwa jina la babu yake angeugua vilevile. Mimi nilidhani atashusha pumzi. Miaka kumi na mitatu ya kujilaumu bure, si mchezo. Badala yake alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si kosa lako. Lakini kuna jambo lingine. Wanawake wanaoubeba ugonjwa huu, wengine mioyo yao hudhoofika pia, hata kama miguu ni mizima. Nataka nikupime. Na huyu binti pia."

Mimi nilipimwa. Majibu yangu ni yangu, leo nazungumza habari za Mama. Yeye alisema ataona. Akaona miaka mitano. Mara kuna mkutano ofisini, mara kuna harusi kanisani, mara tarehe ya kliniki imeangukia siku ambayo Kuria ana mafua. Nilimkumbusha mpaka nikachoka, na mimi si mtu wa kuchoka upesi.

Julai mwaka jana nilikuwa nasuka mteja pale saluni yetu, Dagoretti Corner, nilikokuwa nimehamia, simu ikalia. Alikuwa Nzula, anayepokea wageni katika ofisi ya Mama.

"Becky, sasa. Mamako huwa anakuambia ukweli?"

Nikamwambia hapana, na kwamba aniambie yeye.

"Lifti imeharibika wiki mbili. Jana nilimpata amekaa kwa ngazi, ghorofa ya tatu, na thamosi katikati ya miguu. Hawezi kuongea. Akaniambia anapanga vikombe. Leo tena nimempata hapo hapo. Amenikataza nisikuambie, lakini mimi siwezi."

Nilimwachia mwenzangu kichwa nusu na kwenda Mountain View. Mama alikuwa bado hajarudi. Kuria alikuwa kitini pake mbele ya kompyuta, picha ya mzee fulani marehemu ikimtazama.

"Nzula amekupigia," alisema kabla sijakaa.

"Ulijua?"

"Tangu Machi. Siku hizi analala na mito mitatu, Becky. Hivyo ndivyo mimi nilikuwa nalala kabla ya zile dawa. Na akiniinua namsikia. Sikio langu liko hapa kwa kifua chake kila asubuhi. Zamani alikuwa anahema mara moja. Sasa akinifikisha kwa kiti anaegemea ukuta, anajifanya anatafuta slipa."

Mama alipoingia nilimtazama miguu. Soksi zilikuwa zimechimba mfereji juu ya kifundo. Sikumsalimu.

"Mum, unaenda kupimwa lini?"

"Nikipata mtu wa kukaa na Kuria."

"Nitakaa mimi."

"Wewe una kazi. Hii ni uzee tu, Becky. Nitakunywa tangawizi."

Hapo nilipaza sauti, na sioni haya kusema. Nilimwambia kuwa tangawizi haijawahi kumponya mtu moyo, kwamba anajitia hamnazo, kwamba amefundisha ofisi nzima kula na yeye mwenyewe amekataa kuishi. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Nilipomaliza akanijibu kwa sauti ndogo sana.

"Wakiniambia ni moyo, wataniambia nisibebe. Nimesikia wakimwambia mama mwingine pale kliniki. Nisipobeba mimi, nani atambeba?" Akaweka mkoba chini. "Na kama ni damu yangu iliyomfanya hivi, basi wacha inile na mimi."

Nililia, nikaenda jikoni kujificha. Kuria alimsikia vizuri, kwa sababu nyumba yetu ni ndogo.

Asubuhi Mama alimwinua, akamweka kitini, akaegemea ukuta, kisha akaleta vidonge. Kuria akafunga mdomo.

Mama alifikiri ni utani. "Fungua basi, nachelewa."

"Sifungui, Mathe. Nenda upimwe, nitafungua."

Alicheka. Kisha akabembeleza. Kisha akajaribu kumsukumia kidonge kati ya midomo kama mtoto wa miaka miwili, na Kuria akauma meno akageuza macho pembeni, machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa nimelala pale usiku huo, nikasimama mlangoni nimeshikwa na hasira kwa wote wawili. Ulikuwa ukatili. Mama alijua kabisa kidonge kilichoachwa hufanya nini, alikuwa ameona wiki tatu zile kwa macho yake, na Kuria alijua kuwa anajua. Lakini mtu asiyeweza kuinua mkono, asiyeweza kuondoka chumbani na kubamiza mlango, ana nini kingine cha kumnyima mtu?

Jioni alifunga mdomo tena. Asubuhi ya pili tena. Mama hakwenda kazini. Kufikia jioni hiyo alikuwa akibonyeza miguu ya Kuria kila nusu saa kuona kama kidole kinaacha alama. Kikaacha.

"Kuria, nakuomba," alisema. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti.

"Mathe, nisikize," Kuria akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Ile programu nimeandika mara mingi kushinda zote ni ya akina mama. Zote zinasema aliugua kwa muda mfupi. Kila moja. Hakuna mtu huugua kwa muda mfupi. Wanaficha tu, halafu watoto wanatuma picha kwangu. Sitaki kuandika yako. Na nimechoka kubebwa na mtu anakufa."

Mama alibaki pale chini. Vidonge vilikuwa vimeanza kulowa kwa jasho kiganjani mwake.

"Nitaenda kesho," alisema.

"Piga simu sasa. Niwekee spika nisikie."

Nesi wa zamu alipokea, nikamweleza mimi. Alitupa nafasi ya saa tatu asubuhi, akatuambia Kuria ameze dozi yake ya jioni na aletwe naye aangaliwe. Ndipo Kuria alipofungua mdomo. Mama akamwekea kidonge kwenye ulimi, akamshika kidevu, akasubiri.

Moyo wa mtu mzima mwenye afya, kila ukipiga, husukuma nje kama asilimia sitini ya damu iliyo ndani yake. Wa Kuria mwaka huo ulikuwa unasukuma thelathini na sita, na miaka mitano ya dawa ndiyo iliyouzuia usishuke zaidi. Wa Mama ulisukuma thelathini na moja. Daktari Nthenya alirudia kipimo ili awe na hakika. Aliyekuwa akimbeba mgonjwa alikuwa mgonjwa kuliko yeye.

"Hujachelewa," daktari alimwambia. "Wa kwako haujapata dawa hata siku moja, na mara nyingi moyo kama huu ukianzishiwa dawa unapanda. Utameza zilezile za Kuria, kwa kipimo chako. Lakini kumbeba, hapana. Kuanzia leo."

"Hata jioni moja?"

"Hata jioni moja."

"Na yeye atapata miaka mingapi?"

Daktari hakumdanganya. "Sijui, Mama Kuria. Kila mwaka tunaoupata nashukuru. Ila nataka miaka hiyo uwepo, umwone, si yeye abaki akikutafuta wewe."

Kwenye ploti yetu anakaa Sifuna, kijana wa Bungoma anayepakia mbao Kangemi. Hupita mlangoni kwetu kila asubuhi na jioni. Nilimwendea, nikamweleza bila kuficha, tukaelewana. Mimi nikahamisha nguo zangu kutoka Dagoretti Corner kurudi kwenye chumba nilichokuwa nimeapa sitakirudia.

Asubuhi ya kwanza Sifuna alikuja amenawa mikono. Akamshika Kuria kwapani, kama mtu anavyomwinua mtoto, na mabega ya Kuria yakapanda juu, kwa sababu hayana misuli ya kuyazuia, mwili ukataka kuteleza katikati ya mikono yake. Mama alikuwa amesharuka kutoka kwenye kigoda.

"Mathe, kaa," Kuria alisema.

Akakaa. Akaweka mikono mapajani, akaishikanisha. "Si hivyo," alimwambia Sifuna. "Mkono mmoja chini ya magoti. Huo mwingine mgongoni. Kichwa chake ukiweke kwa bega lako, usikiachilie. Sasa vuta pumzi." Alikuwa analia waziwazi na hakujifuta, labda kwa kuogopa kuachanisha mikono.

Sifuna akanyanyuka naye. Hakuvuta pumzi yoyote.

"Hii si mzigo, mathe," alisema, akitaka kumtuliza. "Hii ni kama mfuko ya simiti tu. Mimi hubeba mbili."

Mama alimtazama akivuka chumba kwa hatua tatu. Alimtazama akimweka Kuria kitini na kumnyoosha miguu. Nilimwona akiumia, na niliumia naye, maana mzigo uliokuwa dunia yake yote ulikuwa kazi ya dakika moja kwa mtu mwingine. Nikampa vidonge vyake. Akavimeza bila maji.

Ofisi ilikuwa imempa likizo. Vyombo nilikuwa nimeosha. Alizunguka chumba, akagusa mgongo wa kiti cha Kuria, akapanga pazia ambalo halikuwa na shida, kisha akasema ataenda kujinyoosha kidogo. Sijawahi kumwona Mama kitandani jua likiwa limechomoza.

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Kuria alikuwa akipanga programu ya marehemu mmoja wa mji wa Kikuyu, nikamsikia akiacha kuandika.

"Becky. Nenda umwangalie."

Nilienda nikasimama mlangoni. Alikuwa amelala ubavu, mito yake mitatu chini ya kichwa, kiganja wazi kando ya uso. Sikusikia kitu. Nikaangalia blanketi. Nilingoja, na kwa muda niliongojea niliweza kufikiri mambo yote ambayo mtu hufikiri. Kisha likapanda kidogo. Likashuka. Likakawia, likapanda tena.

"Anapumua?" Kuria aliuliza nyuma yangu.

"Anapumua."

"Basi mwache alale."

Sikuondoka mlangoni, na yeye hakurudi kwenye kazi yake.